Sumu Isiyobaki Kwenye Nguo: Historia ya Kaboni Disulfidi

Kaboni disulfidi ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kuliko maji, kinachochemka kwenye nyuzijoto 46 za Selsiasi, joto ambalo bati la paa hulipita kwa urahisi mchana wa kiangazi. Ikiwa safi hunukia utamu ulio karibu na etha. Ile ya kiwandani, yenye masalia ya salfa, hunuka kabichi iliyooza. Mvuke wake ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa sakafuni, hushuka ngazi na kujaa kwenye mitaro, mpaka ukutane na moto ulio mbali kabisa na pipa lililovuja. Tena hauhitaji moto wa wazi. Mvuke wa petroli hauwaki wenyewe mpaka ukutane na kitu chenye joto la nyuzi zaidi ya 200, lakini wa kaboni disulfidi huwaka kwa kugusa kitu chenye nyuzi 90 hadi 100 hivi. Bomba la boila latosha, na balbu ya kizamani iliyowaka kwa muda yatosha pia. Ukichanganyika na hewa, hulipuka ukiwa kidogo kama asilimia 1.3, na bado hulipuka ukifika asilimia 50.

Tabia hizo ndizo zilizozaa desturi moja ya maghala ya kemikali inayowashangaza wageni: kimiminika kinachowaka kufunikwa kwa maji. Kwa kuwa ni kizito kuliko maji na hakichanganyiki nayo kwa urahisi, maji yakimiminwa juu yake hutulia hukohuko juu na kuuzuia mvuke usitoke. Mapipa hufungwa yakiwa na tabaka la maji ndani, na matangi makubwa huwekwa ndani ya mabwawa ya zege yaliyojazwa maji.

Aliyekipata kwanza ni Wilhelm August Lampadius, profesa wa kemia katika chuo cha madini cha Freiberg, Saksonia, mwaka 1796, alipokuwa akipasha moto mawe ya pairiti pamoja na makaa yenye unyevu. Wanakemia walibishana kwa miaka kuhusu kilichomo, mpaka 1813 Berzelius na Marcet walipoonyesha kwamba ni kaboni na salfa tu. Kwa nusu karne kilibaki kitu cha maabara, kikisifiwa kwa kuyeyusha vitu ambavyo maji na pombe huvishindwa: mafuta, nta, fosforasi, salfa, na mpira mbichi.

Mpira ndio uliokitoa maabara. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki tena kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Njia yake ilitaka tanuri, na tanuri huharibu bidhaa nyembamba. Mwaka 1846 Alexander Parkes wa Birmingham akaleta njia ya baridi: bidhaa ilichovywa kwa muda mfupi katika kaboni disulfidi iliyoyeyushiwa kloridi ya salfa, kisha ikaanikwa. Haikuhitaji boila wala mtaji mkubwa. Mtu mwenye beseni na chumba cha kupanga aliweza kuanza biashara, na Paris watu wengi walifanya hivyo, wakitengeneza maputo ya watoto, kondomu, na vifaa vingine vya mpira wa kupuliza. Katika vyumba hivyo hewa ilikuwa ndogo, na mara nyingi mahali pa kazi ndipo palipokuwa pa kulala.

Daktari Auguste Delpech wa Paris aliandika juu ya wafanyakazi hao mwaka 1856, na mwaka 1863 akachapisha maelezo marefu ya wagonjwa 24. Ugonjwa aliouona ulikuwa na vipindi viwili. Cha kwanza kilikuwa cha msisimko: kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi kukatika, ndoto za kutisha, hasira za ghafla zisizo na sababu, na ashiki isiyo ya kawaida. Cha pili kilikuwa cha kuporomoka: huzuni, kusahau, macho kufifia, miguu kukosa nguvu, ganzi mikononi, na wanaume kupungukiwa nguvu za kiume. Delpech aliwavutisha wanyama mvuke uleule nao wakapooza. Yaani miaka 10 tu baada ya hataza ya Parkes, dalili zilijulikana, chanzo kilijulikana, na jaribio lilikuwa limefanyika. Yaliyofuata hayawezi kusingiziwa ujinga.

Elimu hiyo haikupotea; ilipindishwa. Mwaka 1888 Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière, aliwaonyesha wanafunzi wake mfanyakazi wa mpira aliyeathirika, akamweka katika kundi la ugonjwa aliouita histeria. Mvuke, kwa maoni yake, ulikuwa umeamsha udhaifu ambao mtu alikuwa nao tayari. Wenye viwanda hawakuhitaji utetezi mzuri kuliko huo, maana kosa lilihama kutoka kwenye beseni na kuingia katika damu ya mgonjwa. Huko Leipzig, Rudolf Laudenheimer aliandika mwaka 1899 kuhusu wafanyakazi wa mpira waliorukwa na akili, na Uingereza Thomas Oliver alieleza wanawake waliotoka kazini jioni wakipepesuka, wakaamka asubuhi na mikono inayotetemeka, kisha wakapata nafuu pale tu walipoanza tena kuvuta mvuke, kama mlevi anavyopata nafuu kwa pombe. Husimuliwa pia juu ya kiwanda kilichowekewa nondo madirishani ili wafanyakazi wasijirushe nje. Hilo likiwa kweli, basi kuna mtu aliyeona tatizo, akapima gharama, akaamua kununua nondo badala ya feni.

Kanuni za Uingereza za mwishoni mwa karne ya 19 zilipunguza saa: mtu asikae katika chumba chenye kaboni disulfidi zaidi ya saa 5 kwa siku, wala zaidi ya saa mbili na nusu mfululizo bila mapumziko. Hatua hiyo ilisaidia kiasi, lakini iliiacha sumu hewani na kugawa tu dozi.

Wakati huohuo kimiminika kilipata mteja mwingine shambani. Mdudu filoksera, aliyeingia Ufaransa kutoka Amerika, alikuwa akila mizizi ya mizabibu, na mwaka 1869 Paul Thénard alijaribu kumuua kwa kuingiza kaboni disulfidi ardhini. Wakulima walipewa bomba la mkono lenye ncha ya chuma, wakatembea mstari kwa mstari wakidunga udongo. Kampuni ya reli ya Paris, Lyon na Méditerranée, iliyopata faida kwa kusafirisha mvinyo, ikawa msambazaji mkubwa wa dawa hiyo. Mwishowe mizabibu iliokolewa kwa kupandikizwa kwenye mashina ya Kiamerika.

Kisha ikaja nguo. Mwaka 1892 Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle walipata hataza ya namna ya kugeuza mti kuwa uzi. Njia yao, inayotumika hadi leo kwa mabadiliko machache, ina hatua zinazostahili kuelezwa, maana sumu imejificha katika mpangilio wake. Karatasi nene za selulosi ya mti hulowekwa katika kostiki soda, hukamuliwa, husagwa kuwa chembe nyeupe, na kuachwa zikomae. Chembe hizo huingizwa katika pipa kubwa linalozunguka, kisha humiminiwa kaboni disulfidi ya uzito wa karibu theluthi moja ya selulosi yenyewe. Baada ya muda zinakuwa za rangi ya chungwa. Zikiyeyushwa tena katika kostiki soda hutoa rojo zito mfano wa asali, nalo ndilo viskozi. Rojo husukumwa kupitia kifuniko cha chuma chenye matundu membamba mno, likitokezea moja kwa moja ndani ya beseni la asidi ya sulfuriki. Papo hapo huganda kuwa uzi.

Katika kuganda huko selulosi huiachia kaboni disulfidi yote iliyokuwa imeshikamana nayo. Sehemu yake hupaa kama mvuke, na nyingine hugeuka hidrojeni sulfidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Uzi unaobaki ni selulosi tupu, sawa na pamba kwa kemia yake. Mtu anayevaa gauni la reyoni, yaani kitambaa cha uzi huo, hagusi sumu hata kidogo. Rangi zenye risasi ziliwatia hofu wanunuzi kwa sababu risasi ilibaki ukutani mwao. Kaboni disulfidi haikubaki popote ila katika mwili wa aliyesimama kando ya pipa au beseni. Hapo ndipo hasa penye jibu la swali kwa nini sumu iliyojulikana tangu 1856 ilidumu katika tasnia kwa zaidi ya karne bila kelele. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kuuliza.

Kampuni ya Courtaulds, iliyotajirika kwa kufuma kitambaa cheusi cha maombolezo cha hariri, ilinunua haki za viskozi mwaka 1904 na kufungua kiwanda Coventry mwaka uliofuata. Tawi lake la Marekani lilianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania, mwaka 1910. Kufikia 1937 Japani ilikuwa imezipita nchi zote kwa kuzalisha reyoni. Sehemu ya kitambaa hicho ilifika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kwa kuwa mikataba ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao kwa ushuru katika makoloni hayo, na maduka ya Afrika Mashariki yakajaa nguo za Kijapani za bei nafuu.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na vyumba viwili vya kuogopwa, kila kimoja kwa sababu yake. Katika chumba cha mapipa ya kuzungusha, hatari ilikuwa moto na dozi kubwa ya ghafla. Kazi ikiisha, mfanyakazi alifungua mlango wa pipa, mvuke ukamjaa usoni, akainama ndani kukwangua chembe zilizong'ang'ania ukutani. Kikwanguo cha chuma kikigonga chuma, cheche moja ilitosha. Katika chumba cha kusokota hatari ilikuwa ya polepole. Msokotaji alisimama zamu nzima juu ya mabeseni ya asidi, akiokota kwa vidole nyuzi zilizokatika. Hidrojeni sulfidi ilimchoma macho: kwanza aliona duara la rangi kuzunguka kila taa, kisha mwanga ukawa mateso, kisha hakuweza kufumbua macho kwa siku kadhaa. Maumivu hayo yalipona. Yaliyosababishwa na kaboni disulfidi, ambayo haikuchoma wala kuwasha, mara nyingi hayakupona.

Agnès Humbert alikiona chumba hicho kwa lazima. Alikuwa mwanahistoria wa sanaa Paris, akakamatwa mwaka 1941 kwa kushiriki katika kundi la upinzani la Musée de l'Homme, kisha akapelekwa Ujerumani kutumikia kifungo katika kiwanda cha reyoni cha Phrix, mjini Krefeld. Utawala wa Hitler ulitaka nyuzi za miti ili usitegemee pamba ya nje, na mikono ya wafungwa haikuwa na gharama. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1946 ameeleza mikono iliyochomwa na asidi na wafungwa wenzake waliopofuka kwa muda, bado wakalazimishwa kurudi kwenye mashine.

Marekani uchunguzi ulikuja kupitia Alice Hamilton, daktari aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard. Alikuwa ameshastaafu alipoongoza, mwaka 1937 na 1938, uchunguzi wa viwanda vya viskozi vya Pennsylvania. Alikuta wafanyakazi wenye miguu dhaifu, mikono inayotetemeka, na wengine waliokuwa wameshapelekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili bila daktari yeyote kuihusisha hali yao na kazi waliyofanya. Njia yake ilikuwa rahisi na kwa miaka mingi ilikuwa imepuuzwa: alimuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Italia nako Enrico Vigliani alikusanya habari za wagonjwa wa viwanda vya reyoni wakati wa vita, akaona kitu cha kutisha zaidi. Baadhi yao walikuwa na mishipa ya damu ya ubongo iliyokakamaa kama ya wazee sana, ilhali umri wao ulikuwa wa kati.

Moto ulihitaji shahidi mmoja tu, na alipatikana New York. Tarehe 13 Mei 1949 lori lenye mapipa 80 ya kaboni disulfidi liliingia Holland Tunnel, handaki la magari linalopita chini ya mto Hudson kutoka New Jersey. Shehena kama hiyo haikuruhusiwa kupita humo. Pipa moja lilianguka na kupasuka, mvuke ukawaka, na moto ukarukia malori yaliyokuwa kwenye foleni nyuma yake. Dari na kuta za zege zilibomoka kwa urefu wa mita nyingi. Watu 66 waliumia, wengi kwa moshi, na ofisa mmoja wa zimamoto alifariki baadaye. Vifo havikuwa vingi zaidi kwa sababu feni za handaki ziliendelea kuvuta moshi kwa nguvu zote na watu waliweza kutoka kwa miguu. Tukio hilo bado hufundishwa kwa wazimamoto kama mfano wa shehena isiyojulikana ndani ya nafasi iliyofungwa.

Hata hivyo waliouawa na moto ni wachache wakilinganishwa na waliokufa kitandani kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa kawaida. Mwaka 1968 John Tiller, Richard Schilling na Jeremy Morris walichapisha matokeo ya kupekua rejesta za vifo za eneo la Flintshire, Wales ya Kaskazini, lenye viwanda vya viskozi. Waliona kwamba wanaume waliofanya kazi karibu na mvuke walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume wengine wa viwanda vilevile. Utafiti huo ulibadilisha maana ya sumu yenyewe. Mtu anayepepesuka na kufoka anaonekana. Mtu mwenye miaka 52 anayeanguka kwa moyo haonekani, kwa kuwa wanaume wa umri huo huanguka kila mahali. Ni kwa kuwalinganisha wengi tu ndipo idadi ya ziada ilipojitokeza.

Wafini ndio walioifuata hoja hiyo hadi mwisho. Sven Hernberg na wenzake waliwafuatilia kuanzia 1967 wanaume 343 wa kiwanda cha viskozi, wakiwalinganisha na wengine 343 wa kiwanda cha karatasi. Katika miaka 5 ya kwanza vifo vya moyo upande wa viskozi vilikuwa vingi mara kadhaa. Mwaka 1972 Ufini ilishusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 20 kwa milioni hadi 10, na waliokuwa na dalili wakahamishwa kazi. Miaka iliyofuata tofauti ya vifo ilipungua mpaka ikatoweka. Si mara nyingi katika historia ya magonjwa ya kazini ushahidi hupatikana wazi namna hiyo kwa pande zote mbili: sumu ikiwepo watu wanakufa, ikipunguzwa wanaacha kufa.

Nchi tajiri zilipokaza kanuni, mitambo ilianza kusafiri. Katika miaka ya 1960 mashine zilizokwisha kutumika Japani zilifungwa karibu na Seoul, katika kiwanda kilichokuja kuitwa Wonjin Rayon. Malalamiko ya wafanyakazi waliopooza na kupoteza kauli yalijulikana hadharani mwaka 1988, Korea Kusini ikiwa katika maandalizi ya Olimpiki. Mwaka 1991 mfanyakazi mmoja wa zamani alipofariki, familia na wenzake walikataa kumzika kwa zaidi ya miezi 4 mpaka ugonjwa wake ulipotambuliwa kuwa wa kazini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993, waathirika waliotambuliwa walizidi 800, na sehemu ya fedha za fidia ilitumika kujenga hospitali yao wenyewe. Mashine, zilizokuwa zimeshaua katika nchi moja na kufukuzwa, hazikukatwa kuwa chuma chakavu. Ziliuzwa Dandong, China.

Mbinu za kujikinga zilizobaki katika viwanda vya leo ni matokeo ya orodha hiyo ya makosa. Mapipa ya kuzungusha yamefungwa kabisa na husafishwa bila mtu kuingiza kichwa; hewa ndani yake hubadilishwa kwa naitrojeni ili mvuke usipate oksijeni ya kuwakia. Mabeseni ya kusokota yana vioo vinavyoteremshwa, na feni huvuta hewa chini yake. Mabomba na mapipa huunganishwa na ardhi kwa waya ili umeme tuli usizae cheche, na vifaa vya mkono hutengenezwa kwa shaba badala ya chuma. Mvuke unaonaswa hurudishwa kutumika tena, jambo linalompendeza mwenye kiwanda kuliko hotuba yoyote ya afya. Tangu kipimo cha mkojo kilipobuniwa katika miaka ya 1960, inawezekana kujua mfanyakazi amevuta kiasi gani bila kungoja dalili. Viwango navyo vimeshuka: Umoja wa Ulaya unaruhusu sehemu 5 kwa milioni, na wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wanapendekeza 1, ingawa sheria ya shirikisho la Marekani yenyewe bado ina 20. Ipo pia njia ya kutengeneza uzi wa selulosi bila kaboni disulfidi, inayotoa kitambaa kiitwacho layoseli, lakini viskozi inaendelea kutawala soko, na sehemu kubwa yake hutoka China, India na Indonesia.

Afrika ya Kusini huzalisha malighafi ya viskozi: kiwanda cha Umkomaas, KwaZulu-Natal, kilichoanza mwaka 1955 Courtaulds ikiwa mmoja wa wabia, hugeuza mikaratusi kuwa selulosi ya kuuzwa nje. Katika ukanda wa Kiswahili kaboni disulfidi huja kwa mlango mwingine, wa migodi. Mwaka 1822 Mdenmarki William Christopher Zeise alitengeneza kutokana nayo chumvi zinazoitwa zanthati, na mwaka 1925 Cornelius Keller alipata hataza ya kuzitumia kutenganisha madini na mwamba. Mwamba husagwa, huchanganywa na maji na zanthati, kisha hupulizwa hewa. Chembe za shaba hushikamana na povu na kuelea, na povu hilo likikaushwa ndilo makinikia. Hivyo ndivyo madini ya salfa huchenjuliwa Kipushi na Kamoa-Kakula katika eneo la Katanga, Kongo, na vivyo hivyo Bulyanhulu, Tanzania, shaba ilitenganishwa pamoja na dhahabu.

Zanthati hufika mgodini zikiwa vidonge vya njano ndani ya mapipa au mifuko, zikionekana shwari. Zikipata unyevu na joto huoza na kurudisha kaboni disulfidi iliyozizaa, na pipa lililofungwa muda mrefu katika ghala la bati hujaa mvuke juu ya vidonge. Kwa hiyo huhifadhiwa mahali pakavu na penye kivuli, zilizotangulia kufika zikitangulia kutumika. Pipa hufunguliwa penye hewa ya kutosha na mbali na mashine za kuchomelea, na tangi la kuyeyushia huwa na feni isiyotoa cheche, inayowashwa kabla ya mtu kuinua kifuniko.